Kidonda cha mguu kikigoma kupona

Kama una mzazi hapa Kisumu mwenye kidonda cha mguu kilichopita wiki nne bila kupungua, acha kubadilisha dawa za kupaka, uliza kwanza: damu inafika kule chini? Daktari hupima presha ya kifundo cha mguu akailinganisha na ya mkono. Hicho ndicho kinachoongoza matibabu. Kidonda cha vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), kile cha juu ya kifundo chenye uvimbe na ngozi iliyopiga weusi, huhitaji bendeji ya kubana. Lakini mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa hivyo unaweza kuoza, kwa hiyo usimfunge mwenyewe nyumbani.

Mwenye kisukari asingoje hizo wiki nne. Aende mara moja, hata kama hasikii maumivu. Kutosikia ndiko hatari yenyewe. Unga wa kapsuli wa kunyunyizia kidonda (sijui nani alituletea huo mtindo), spiriti na majivu, weka kando. Cha unyayo nacho hakiponi kikiendelea kukanyagiwa.

Mkienda hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, bebeni na viatu anavyovaa kila siku. Wakati mwingine mshono wa ndani ndio unaokwangua.