Kukagua na Kuandaa Bloku ya Ford V8 ya Hedi Bapa kwa Mbio za Mviringo

Fundi mwenzangu anayefufua gari la mbio la miaka ya 1940 aliniletea injini ya Ford V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) iliyokwisha kupanuliwa silinda, kuwekewa pistoni mpya na kufungwa hedi (vifuniko vya silinda) za alumini, na ndipo ikagundulika kwamba bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ina ufa kati ya kiti cha valvu na silinda. Fedha nyingi zilipotea kwa sababu ukaguzi ulifanywa mwisho. Mpangilio ninaoutetea ni huu: usinunue hata gasketi kabla bloku haijathibitika kuwa nzima.

Hatua ya 1: Tambua bloku uliyo nayo

Ford ilianza kuuza V8 hii mwaka 1932, ikiwa na inchi za ujazo 221 na nguvu za farasi 65. Kwa mbio, tafuta bloku ya 1946 hadi 1953, yenye matundu 24 ya stadi (vyuma vyenye uzi vinavyofunga hedi) au bolti kila upande na kipenyo cha silinda cha inchi 3 3/16. Zile za hadi 1948 zina nyumba ya klachi iliyosubiwa pamoja na bloku, na maji hutokea katikati ya hedi. Za 1949 na kuendelea zina nyumba ya klachi inayofungwa kwa bolti, na maji hutokea mbele. Mimi huchagua za awali, kisha naweka krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya Mercury, chapa dada ya Ford, ya 1949 hadi 1953, ambayo huipa pistoni mwendo wa inchi 4 kutoka chini hadi juu.

Hatua ya 2: Vua kila kitu na usafishe

Ondoa vizibo vyote vya njia za maji na uichemshe bloku katika tangi la dawa. Ndani kabisa, chini ya silinda, mara nyingi hubaki mchanga wa kiwandani uliogandamana na kutu, pamoja na vipande vya waya vilivyoshikilia kiini cha mchanga (umbo la mchanga lililoacha nafasi ya maji) wakati wa kusubu. Vitoe kwa waya mgumu, suuza, kisha urudie mpaka maji yatoke meupe. Bloku chafu huchemka hata ikiwekewa rejeta kubwa kiasi gani.

Hatua ya 3: Tafuta nyufa

Ni vyema kuelewa kwanza kwa nini injini hii hupasuka. Valvu zake zimo ndani ya bloku, kando ya silinda, na moshi hauna njia fupi ya kutoka: hupita katikati ya bloku, ukizungukwa na maji ya kupoza, hadi kwenye matundu matatu tu kila upande, kwa kuwa silinda mbili za kati hutumia tundu moja. Joto lote hilo hubaki ndani ya chuma. Katika uwanja wa mviringo injini hushikilia mizunguko ya juu lapu baada ya lapu, na kwenye njia ya udongo tope huziba rejeta, hivyo udhaifu mdogo ambao barabarani usingeonekana hugeuka kuwa ufa unaopitisha maji.

Anza na unga wa chuma na sumaku. Safisha uso wa bloku mpaka chuma kitupu kionekane, weka sumaku, nyunyiza unga, halafu ugeuze mwelekeo wa sumaku na kurudia palepale, kwa sababu ufa unaolala sambamba na mkondo wa sumaku hauvuti unga. Ukiwepo ufa, unga hujipanga juu yake kama mstari mwembamba wa penseli. Chunguza viti vya valvu za ekzosi, daraja la chuma kati ya kiti na silinda, na eneo linalozunguka matundu ya stadi. Ufa mfupi kutoka tundu la stadi hadi tundu la maji ni wa kawaida, na hunitisha kidogo tu ikiwa haujafika kwenye silinda wala kwenye valvu. Ufa unaoingia ndani ya silinda unahitaji silivu (bomba la chuma linaloingizwa ndani ya silinda); ule wa kwenye kiti unahitaji kushonwa kwa pini zenye uzi kama wa skrubu na kuwekewa kiti kipya. Sikubali kuchomelea, kwani chuma cha kusubu kikipoa vibaya hukakamaa pembeni mwa weldi na kupasuka upya.

Unga hauoni ndani ya njia ya moshi. Kwa hiyo usiishie hapo: funga njia zote za maji kwa mabamba na mpira, ingiza hewa, tumbukiza bloku katika maji ya moto na utazame mapovu. Maji yawe ya moto kweli, maana nyufa nyingine hufunguka chuma kinapotanuka tu. Kipimo hiki kirudiwe baada ya kupanua silinda. Viini vya mchanga vilikuwa vikihama kiwandani, kwa hiyo ukuta mmoja waweza kuwa mnene na mwingine mwembamba katika silinda ileile. Mwombe fundi wa mashine apime unene kwa mawimbi ya sauti kabla ya kukata.

Hatua ya 4: Panua silinda na ulainishe njia za hewa

Kuongeza inchi 1/8 kwenye kipenyo, pamoja na krenki ya Mercury, hukupa takriban inchi za ujazo 276. Lainisha njia za kuingizia na za moshi. Usichonge uso wa bloku kati ya valvu na silinda; watu wengi walifanya hivyo, lakini hupunguza mgandamizo na kudhoofisha daraja lilelile tulilolikagua.

Hatua ya 5: Funga

Matundu mengi ya stadi hufika kwenye maji, hivyo uzi wa kila stadi upakwe dawa ya kuziba. Weka udongo laini juu ya pistoni na valvu, funga hedi kwa muda, zungusha krenki, halafu pima udongo uliobanwa: juu ya pistoni ubaki na unene wa zaidi ya milimita 1. Kabureta mbili za Stromberg 97 zinatosha. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-5-4-8-6-3-7-2. Hedi za alumini zikazwe injini ikiwa baridi, kwa kipimo cha mtengenezaji wake. Washa mpaka ipate joto, iache ipoe kabisa, kisha ukaze tena. Kabla ya kuipeleka uwanjani, iwashe rejeta ikiwa wazi: mapovu yasiyokoma baada ya hewa ya kawaida kutoka ni dalili ya moshi kuingia kwenye maji, na hapo hedi itafunguliwa tena.