Kabla Hujarudi kwa Daktari na Majibu ya Kongosho

Baba yangu mdogo alirudishwa nyumbani mara ya kwanza kwa sababu ya vitumbua viwili. Maumivu ya chembe cha moyo yalikuwa yamemsumbua wiki tatu, daktari akamwandikia ultrasaundi ya tumbo, na asubuhi ya kipimo akapita kwa mama ntilie kama kawaida yake. "Mzee, umekula leo?" mpimaji akamuuliza huku akimpaka jeli. "Chai ya maziwa tu, mwanangu, na vitumbua." Mpimaji akasogeza kifaa mara mbili tatu, akatugeuzia kioo tuone wingu jeupe lililotanda, akasema kongosho liko nyuma ya wingu hilo na leo halipatikani. Nauli ikaenda bure, na maumivu yakasubiri siku nyingine.

Hakuna aliyekuwa amemweleza. Ndiyo maana naandika haya, kwa anayekwenda kupimwa wiki hii na kwa aliyekwisha kupewa bahasha na hajui aanzie wapi.

Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula, limejificha. Limelala nyuma ya tumbo la chakula, urefu wake kama sentimita 15. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba upande wa kulia, na mkia unafika karibu na bandama upande wa kushoto. Mawimbi ya sauti yanayotumika kwenye ultrasaundi hayapenyi hewa, kwa hiyo gesi ya tumboni inalifunika kama pazia. Kwa kawaida utaambiwa ufunge kula saa 6 hadi 8, na njia rahisi ni kula mapema usiku, kulala, kisha kuwa wa kwanza kwenye foleni asubuhi. Maharage ya usiku yaache. Bigijii na sigara pia, maana kila unapotafuna au kuvuta unameza hewa, na soda ndiyo kabisa. Maji matupu huwa yanaruhusiwa, tena wakati mwingine mpimaji mwenyewe atakupa vikombe viwili unywe palepale, kwa sababu tumbo lililojaa maji linampa dirisha la kuchungulia kongosho. Mwenye kisukari asifunge kimyakimya: kuchoma insulini au kumeza dawa za kushusha sukari halafu kukaa na njaa hadi saa nne kunaweza kumwangusha. Aulize mapema dozi ya asubuhi hiyo aifanyeje, na aombe kupimwa mwanzo.

Mara ya pili baba mdogo alipimwa vizuri. Tulipopanda daladala akatoa karatasi kwenye bahasha ya kaki, akaniambia, "Nisomee." Nikasoma. Akanyamaza vituo viwili, kisha akauliza, "Kongosho ndiyo iliyomwondoa jirani yetu?"

Kusoma ripoti ndani ya gari, bila aliyekugusa tumbo, ni kujitesa. Lakini najua watu wataisoma, mimi mwenyewe niliisoma, kwa hiyo bora ujue unachokisoma. Kitu cha kwanza kutafuta ni kama kongosho lilionekana. Ripoti inaweza kusema lilionekana lote na ni la kawaida, au lilionekana na lina kasoro, au sehemu yake haikuonekana kwa sababu ya gesi. Hilo la tatu ndilo linalowaponza watu. Mgonjwa anasikia "hatukuona tatizo", anafurahi, anakwenda zake, kumbe kilichoandikwa ni kwamba mkia haukuonekana kabisa. Kutoonekana hakumaanishi uzima. Kama maumivu yanaendelea, au unakonda bila sababu, au umeanza kisukari ghafla baada ya umri wa miaka 50 huku mwili unapungua, ripoti ya namna hiyo haijajibu swali lako. Rudi, na useme wazi kwamba sehemu fulani haikuonekana.

Sasa neno linalowatisha wengi: uvimbe. Kiswahili chetu kinalitumia neno hili kwa mambo matatu ambayo kwa kongosho yanatofautiana kama usiku na mchana, na nimewahi kuona familia nzima ikilia kwa sababu hakuna aliyeuliza ni uvimbe upi.

Kuna kongosho lenyewe kuvimba. Kwenye picha linaonekana nene na jeusi kuliko kawaida, pengine na maji pembeni yake. Huu ni ugonjwa wa ghafla, na visababishi viwili vikubwa ni vijiwe vya nyongo na pombe. Daktari hautambui kwa picha peke yake. Anahitaji walau mawili kati ya haya matatu: maumivu makali ya juu ya tumbo ya aina yake, kipimo cha damu cha lipase au amylase (vimeng'enya vya kongosho) kilichopanda mara tatu au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, na picha inayokubaliana. Wengi hupona kwa dripu, dawa za maumivu na uangalizi, ingawa wapo wanaozidiwa hadi chumba cha wagonjwa mahututi.

Kuna mfuko wa maji. Mwingine ni mabaki ya kongosho lililovimba zamani, maji yaliyojikusanya yakajijengea ukuta, kazi inayochukua kama wiki 4, na mara nyingi hunywea wenyewe. Mingine haina historia hiyo. Ipo isiyo na madhara, na ipo yenye ute mzito ambayo ndani ya miaka inaweza kugeuka saratani, ndiyo maana utaambiwa urudie picha kila baada ya muda. Maswali ya kumuuliza daktari hapa ni ukubwa wake, kama ndani kuna sehemu ngumu, na kama umeungana na mrija wa kongosho. Usiache kurudi kwa sababu huumwi.

Halafu kuna nyama iliyoota, kinundu kigumu. Hapa sitawaficha kitu: hofu ya saratani ni ya haki, na saratani ya kawaida ya kongosho ni kali, tena mara nyingi hugunduliwa imechelewa. Upasuaji ndio unaoweza kuiondoa, na uwezekano wake unategemea kama imeshagusa mishipa mikubwa ya damu au kusambaa. Kwa hiyo kinundu hakingoji mavuno wala ada za watoto, kinataka skani ya CT (eksirei inayopangwa na kompyuta) ndani ya siku au wiki chache. Lakini si kila kinundu ni saratani hiyo. Upo uvimbe wa chembe zinazotengeneza homoni, wa aina aliyokuwa nao Steve Jobs wa Apple, aliyegunduliwa mwaka 2003 na kufariki 2011; mara nyingi hukua polepole. Upo ugonjwa wa kinga ya mwili kulishambulia kongosho, unaotulia kwa dawa za steroidi. Ipo hata bandama ndogo ya ziada, mtu kazaliwa nayo, imekaa karibu na mkia wa kongosho ikajifanya uvimbe.

Na ipo kifua kikuu. Huku kwetu hili halipaswi kusahaulika. TB inaweza kukaa kwenye tezi zinazozunguka kongosho, au ndani yake, ikaonekana kwenye picha kama saratani kabisa. Mtu anayetoka jasho usiku, anayepata homa za jioni, aliyewahi kuishi na mgonjwa wa TB au anayeishi na VVU, amwambie daktari bila kusubiri kuulizwa. Ugonjwa mmoja unatibiwa kwa vidonge vya miezi na mwingine kwa kisu na dawa za saratani. Kuuchanganya ni msiba. Kinachoamua hapo ni kinyama kinachochukuliwa kwa sindano na kupelekwa maabara. Ukiambiwa huhitaji kuchukuliwa kinyama kwa sababu upasuaji utafanyika moja kwa moja, usidhani umedharauliwa, kwani madaktari wa upasuaji hufanya hivyo pale dalili zote zinapoelekea upande mmoja na uvimbe unaweza kuondolewa. Lakini kabla ya kuanza dawa za saratani, uliza majibu ya kinyama yanasemaje.

Ripoti inaweza pia kusema kongosho linang'aa kuliko kawaida. Mara nyingi ni mafuta, na huja na umri, unene au kisukari. Zungumza na daktari kuhusu sukari na uzito, ila usikose usingizi.

Vijiwe vyeupe ndani ya kongosho ni habari nyingine: vinaonyesha limekuwa likiharibika polepole kwa muda mrefu. Dalili zake ni maumivu yanayokuja na kuondoka, choo chenye mafuta kinachoelea, na baadaye kisukari. Watu wanakimbilia kusema "mlevi huyo". Tafadhali msifanye hivyo. Pombe ni sababu kubwa kweli, lakini upo ugonjwa wa namna hii unaowapata vijana wa nchi za joto wasioonja tone. Umeandikwa sana kutoka Kerala kule India, na Uganda pia. Nimemwona binti akinyimwa huruma na ndugu zake kwa ugonjwa asioutafuta. Kama daktari atampa vidonge vya vimeng'enya, avimeze pamoja na chakula, la sivyo havimsaidii.

Turudi kwa baba mdogo. Kwake ripoti ilisema kichwa cha kongosho hakikuonekana vizuri na mrija wa nyongo umetanuka hadi milimita 11. Mrija huo kwa kawaida hauzidi milimita 6 au 7, unaongezeka kidogo kwa wazee na kwa waliotolewa mfuko wa nyongo. Mrija wa kongosho wenyewe huwa hauzidi milimita 3. Ukiona mmoja umetanuka, huenda kuna kitu kimeziba mbele. Ikitanuka yote miwili kwa pamoja, kizuizi huenda kipo pale inapokutana, kwenye kichwa cha kongosho, na hapo hakuna kusubiri. Mkojo wake ulikuwa rangi ya chai ya rangi, choo kimepauka kama udongo, ngozi inamwasha usiku. Hakuwa amemwambia mtu. Kwa mtu mzima, choo si jambo la kusimulia watoto.

Ndiyo maana kabla ya kurudi kwa daktari andika, hata kama ni kwa siri: maumivu yalianza lini, yanachoma kuelekea mgongoni au la, yanapungua ukiinama mbele au la, rangi ya mkojo na choo, kilo ulizopoteza (mkanda wa suruali unasema kweli kuliko kumbukumbu), pombe na sigara bila kupunguza, na kila dawa pamoja na za mitishamba. Hizo za mitishamba baadhi huharibu ini, na ini likichafuka majibu ya damu yanampotosha daktari. Kusanya picha na ripoti za zamani zote. Uvimbe uliokuwepo miaka mitatu iliyopita kwa ukubwa uleule ni habari tofauti kabisa na uvimbe mpya.

Ukipelekwa CT, utachomwa dawa ya kung'arisha mishipa. Sema kama una mzio, ugonjwa wa figo, mimba, au kama unatumia metformin (dawa ya kisukari), na uwe na majibu ya kreatinini, kipimo cha damu cha figo, mkononi ili usirudishwe mlangoni. Uliza bei na kama bima inalipia kabla ya siku yenyewe, na hakikisha barua ya rufaa ina mhuri. Ukiandikiwa CA 19-9, kipimo cha damu kinachohusishwa na saratani ya kongosho, jua mipaka yake: kikizidi 37 si hukumu ya saratani, kwani nyongo ikiziba tu kinapanda, na wapo watu ambao miili yao haikitengenezi kabisa hata wakiwa na saratani.

Yapo mambo ambayo hayangoji miadi. Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya mgongoni na kutapika kusikokoma, macho ya njano pamoja na homa na kutetemeka, kutapika damu au choo cheusi kama lami, kuchanganyikiwa: nenda mapokezi ya dharura usiku huohuo, na bahasha yako mkononi.

CT ya baba mdogo ilionyesha kijiwe kimekwama mwishoni mwa mrija wa nyongo. Kongosho lenyewe lilikuwa zima. Alitolewa kijiwe kwa mpira uliopitishwa mdomoni, hospitali ya rufaa, na kuwashwa kukaisha ndani ya siku chache.

Lakini asubuhi ya kupeleka majibu hatukuyajua hayo. Alikaa kwenye benchi amevaa koti lake la msikitini, akaniomba kalamu, akaandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa: UVIMBE GANI. WAPI HAKUKUONEKANA. KIPIMO GANI KINAFUATA NA LINI. Chini yake, kwa herufi ndogo, akaandika rangi ya choo. Daktari alipoipokea aliigeuza, akasoma nyuma kwanza, akavuta kiti karibu.