Kuchagua Pikapu ya Petroli ya Kuvuta Tela Zito

Anza na tela, ndipo uende kwenye gari. Lipime kwenye mizani likiwa na shehena yake yote, kwa kuwa uzito unaotajwa na muuzaji mara nyingi ni wa tela tupu. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo hukandamiza ndoano, kwa hiyo tela la kilo 3,000 huiongezea pikapu kilo 300 hadi 450 kabla hata abiria hawajapanda. Soma kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinachoonyesha mzigo ambao gari hilo hasa linaruhusiwa kubeba; hapo ndipo pikapu nyingi hushindwa, hata zile zinazosifiwa kwa nguvu za kuvuta.

Kisha uliza uwiano wa difu, yaani shafti ya kuendeshea huzunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu: 4.10 huvuta kwa urahisi kuliko 3.31, ijapokuwa hula mafuta zaidi. Injini ya petroli isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo anayepanda milima mara kwa mara ni heri achague yenye turbo. Kipozeo cha oili ya gia boksi ni cha lazima.