Jinsi ya kujua ndege itakaa angani muda gani, kabla hujakata tikiti

Nakata watu tikiti hapa Mji wa Kale, Mombasa, na mteja akishaketi kwenye kiti changu cha plastiki huniuliza: ni mbali kadiri gani, na tutakaa angani kwa saa ngapi? Hesabu naifanya nyuma ya risiti kwa biro. Nawe waiweza.

Tafuta latitudo na longitudo za miji yako miwili. Mombasa ni nyuzi 4.0 kusini na 39.6 mashariki, Nairobi ni 1.3 kusini na 36.9 mashariki. Toa, utapata 2.7 kila upande. Huku karibu na ikweta uzi mmoja ni kama kilomita 111, basi ni 300 kwa 300. Sasa ile pembetatu ya Pythagoras tuliyochapiwa viboko shuleni: zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Kilomita 424. Barabara ya Voi na Mtito Andei hukaribia 485 kwa kupindapinda.

Gawanya kwa 800, mwendo wa jeti ikishatulia juu, kisha ongeza nusu saa ya kujikokota uwanjani, kupaa na kushuka. Nairobi yaja saa moja na dakika mbili tatu. Ndege ya panga, ile inayovutwa na panga za kuzunguka, gawanya kwa 500.

Addis Ababa huwakosesha wengi. Iko nyuzi 9.0 kaskazini, nasi tuko kusini, kwa hiyo hutoi, wajumlisha: 13. Longitudo zetu karibu zalingana, basi zidisha tu kwa 111. Ni kama kilomita 1,450, saa mbili na dakika ishirini hivi.

Dubai usiipige kwa njia hii. Ukienda mbali na ikweta mistari ya longitudo hubanana na hesabu huanza kuharibika. Shika tu kilomita 3,670, kama saa tano. Tikiti ikisema unaondoka 22:00 na kutua 04:00 usidhani ni saa sita. Saa ya kule iko mbele ya yetu kwa saa moja.

Lakini kinachowaachisha watu ndege si kilomita, ni kusoma saa. Mzee mmoja wa Kuze alikuwa na tikiti ya 07:00. Akaisoma saa saba. Saa nne asubuhi akapita dukani kuniaga, kanzu imepigwa pasi, masanduku mawili ya halua yamefungwa kamba ya katani, na ndege imeshapaa tangu saa moja. Sikuwa na la kumwambia, nikamwitishia kahawa. Tangu siku ile kila tikiti naiandika kwa mkono juu kabisa, herufi kubwa: SAA MOJA ASUBUHI. Ya 03:00 naandika SAA TISA USIKU, na chini yake usiku wa kuamkia siku gani, maana hapo ndipo wengine hukosea hata tarehe.

Halafu kuna safari ya kufika uwanjani. Kutoka hapa ni kama kilomita kumi tu, lakini malori ya bandarini yakikwama Makupa hadi Changamwe, hizo kumi zaweza kukulia muda kuliko Nairobi yenyewe. Mimi hutoka muda wa saa tatu kabla ya ndege kupaa. Anayetoka Likoni asitegemee feri. Azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu.