Ukipanga karibu na mto huko Maine, angalia bima yako inaanza lini

Nawaandikia nyie mnaohamia jimbo la Maine, Marekani, hasa mnaotafuta nyumba za bei nafuu kando ya mto Kennebec, Augusta, Hallowell na maeneo hayo, maana mimi nilipanga besimenti, yaani vyumba vya chini ya ardhi, pale kwa sababu kodi ilikuwa ndogo na joto limo humo humo kwenye kodi.

Sisi kwetu mafuriko tunayajua ni mvua. Masika ikichachamaa, Jangwani pale Dar hapapitiki, na mawingu umeyaona toka asubuhi. Huku mto unaganda wiki nzima au zaidi, halafu katikati ya winta joto linapanda ghafla na mvua juu yake, barafu inakatika mapandemapande, inaelea mpaka kwenye kona au nguzo za daraja, inakwama, inapandana, inakuwa bwawa. Maji ya nyuma yake yanapanda kwa masaa, sio siku. Na bwawa likiachia, wanaokaa upande mto unakoelekea ndio wanaipata.

Januari 2018 ndivyo ilivyokuwa. Usiku nikasikia mngurumo kama lori linamwaga kokoto, nikajua ni gari la kusukuma theluji. Kulipokucha paking imejaa mapande ya barafu makubwa kama magodoro, gari langu limezama mpaka milangoni, na baridi iliporudi maji yakaganda na gari likiwa humo humo. Ndani begi la vitenge vya mke wangu linaelea.

Sasa mtego wenyewe. Bima nilikuwa nayo, ya mpangaji, nalipa kila mwezi bila kukosa. Ile ya kawaida inalipa moto, wizi, bomba kupasuka, lakini maji ya mto HAILIPI. Niliposikia tahadhari ya hali ya hewa nikakimbilia bima ya mafuriko ya serikali kuu, nikalipa, wakala akaniambia tayari, nikalala. Kumbe inaanza kazi baada ya siku 30. Narudia jamani, SIKU 30. Sio kama kwetu unalipia bima ya gari na unatoka nayo siku hiyo hiyo. Na hata ingekuwa imeanza, vitu vyako vya besimenti vingi haivilipi, makochi, nguo, tivii, hamna. Kwa hiyo inunue Oktoba, Novemba mwisho, mto haujaganda. Ukisubiri tahadhari umechelewa. Gari nalo lazima liwe na bima kubwa, thirdpati haitakupa hata senti.

Na nyie ndugu zetu wa nyumbani, tunawapenda, ila msituambie "si Marekani hiyo, serikali itawalipa". Msaada wa FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, kwa mtu mmoja mmoja hauji mpaka rais atangaze janga, na paking moja kujaa barafu hakuna wa kuitangazia. Mwezi ule sikutuma hela na kuna walionuna, naomba tuelewane.

Kilichoniuma zaidi ni mzee jirani yangu. Gari lake alilipandisha mlimani jioni ile, nilimwona, tukapungiana mikono, hakusema neno. Nilimkasirikia muda mrefu. Sasa naona sio roho mbaya, huku kila mtu anachukulia kwamba mwenzake kashasoma taarifa, na kukwambia ni kama kukuingilia. Mimi siukubali ujirani huo, lakini ndio uliopo, kwa hiyo uliza wewe, ukimuuliza atakueleza mpaka maji ya mafuriko ya 1987 yalifika wapi.

Mengine kwa kifupi: viatu vya kushika barafu, koleo na blanketi kwenye gari, na maji yakivuka barabara usipite, sentimita 30 tu zinabeba gari dogo. Umeme ukikatika USIWASHE jiko la mkaa ndani, wala jenereta, hata dirisha likiwa wazi, hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala.

Na kabla hujasaini mkataba, muulize mwenye nyumba maji ya mto yaliwahi kufika wapi. Akianza kuzungukazunguka, tafuta nyumba nyingine.