Vikeki vya kugawia wageni wa harusi: vipoe kabisa kabla ya kufungwa

Kwa joto na unyevu wa Mombasa, kinachoharibu vikeki vya harusi mara nyingi ni haraka ya kufunga. Keki ikiwa bado na uvuguvugu, mvuke unageuka maji ndani ya nailoni, juu panakuwa panata, na siku ya pili au ya tatu ukungu unaanza. Iepue, iache kwenye trei dakika 10, kisha ihamishie kwenye wavu kwa muda wa saa 3 au 4. Gusa chini, si juu. Chini ndiko hukawia kupoa.

Trei ya sentimita 30 kwa 20 inataka unga gramu 300, siagi 250, sukari 250, mayai 5, bekingi pauda vijiko vidogo 2, maziwa vijiko vikubwa 4 na iliki kijiko kidogo kimoja. Iliki nunua nzima pale sokoni Markiti uitwange mwenyewe. Ya unga harufu yake imeshapotea. Oka nyuzi 170 kwa dakika 30 hadi 35.

Kata kesho yake, kwa kisu cha meno, maana keki iliyotoka kuokwa inamomonyoka. Ondoa kingo sentimita 1 kila upande, upate vipande 28. Wageni 200 ni trei 8, na vya ziada 24 vya watoto.

Krimu ya siagi usitie: itayeyuka kabla bibi harusi hajatoka. Oka siku mbili kabla, funga jioni ya kuamkia harusi.