Kupeleka jeni kwenye seli za kansa ya kibofu bila virusi: PEI, plasmidi, halafu mkojo

Wadau wa maabara, kama unataka kuingiza jeni kwenye seli za kansa ya kibofu na huna chumba wala kibali cha kushika virusi, anza na PEI (polyethylenimine). Ni polima yenye chaji chanya, DNA ina hasi, zinashikana zenyewe zinakuwa chembe ndogo za nano na seli inazimeza. Na msidhani ni mchezo wa maabara tu, dawa ya majaribio BC-819 iliyotokea Jerusalem ilifika mpaka kwa wagonjwa, miligramu 20 za plasmidi (DNA ya duara inayobeba jeni) pamoja na PEI zilipitishwa kwa kateta moja kwa moja kibofuni, ndani yake kuna jeni ya sumu ya dondakoo inayowashwa na promota (swichi) ya jeni ya H19, ambayo kwenye seli zenye afya za mtu mzima karibu zote imelala.

Hatua ya 1. Jioni panda T24 (seli za kansa ya kibofu za maabara) kwenye sahani ya visima 6, midia ya McCoy's 5A na seramu 10%. Asubuhi ziwe zimejaa kama 70%. Antibayotiki siku hiyo toa.

Hatua ya 2. Kwa kila kisima: mikrogramu 2 za plasmidi ya GFP (protini inayong'aa kijani) kwenye mikrolita 100 za NaCl 150 mM, tubu nyingine mikrogramu 6 za PEI ya 25 kDa kwenye mikrolita 100 za NaCl hiyohiyo. Mimina PEI kwenye DNA, yote kwa mkupuo, votexi hapohapo sekunde kumi hivi, iache dakika 15 mpaka 20 mezani. Ukidondosha tone tone unapata mabonge, na ukienda kunywa chai ukarudi baada ya saa nzima chembe zimeshakua.

Hatua ya 3. Weka kwenye seli, baada ya saa 4 hadi 6 badilisha midia, kesho yake au keshokutwa angalia kijani kwenye darubini. Basi.

Hatua ya 4, kontroli, na hapa ndo watu wanadanganyika. PEI yenyewe inaua seli! Sasa wewe badala ya GFP umeweka plasmidi ya sumu, seli zinaelea, unashangilia jeni imefanya kazi, kumbe ni polima. Lazima uwe na kisima chenye PEI ileile na plasmidi isiyo na sumu, kingine DNA bila PEI, kingine seli tupu. Tofauti ya kisima cha sumu na hicho cha plasmidi isiyo na sumu ndo jibu lako, mengine ni kelele.

Hatua ya 5. Changanya chembe zako nusu kwa nusu na mkojo uliochujwa, subiri saa 2, pitisha kwa umeme kwenye jeli ya agarosi pembeni ya zile ambazo hazijaonja mkojo. DNA ikibaki imeganda kisimani mwa jeli bado imeshikwa, ikikimbia chini imeachiwa, maana mkojo una chumvi na sukari ndefu zenye chaji hasi zinazogombania PEI. Fanya hii kabla hujapeleka kwa panya, ukuta wa kibofu nao umepakwa hizohizo sukari na chembe chanya zinanasa juu juu.

Halafu T24 si kansa ya kila mtu. Hizi za kichocho tunazoziona pwani mara nyingi ni za skwamasi (seli bapa), kwa hiyo rudia yote kwenye SCaBER, seli za maabara za kansa ya kibofu ya aina hiyo, uwiano wa PEI upime upya.